Shule zinafungwa, saa ya kulala isifungwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nichangie hoja iliyotolewa humu wiki mbili zilizopita na mzazi mwenzetu. Aliandika kwamba likizo ndefu ya kiangazi inawarudisha watoto nyuma kimasomo, akapendekeza kila shule ianzishe masomo ya ziada tangu wiki ya pili ya likizo hadi siku ya kufungua. Barua yake nimeisoma mara mbili na hofu yake naielewa. Ila mimi nilikuwa muuguzi wa shule kwa miaka 27 kabla sijastaafu, na kwa miaka yote hiyo nilichokiona kikipotea kila likizo si hesabu wala kusoma. Ni usingizi. Mtoto akishapoteza usingizi, na mengine yote ya mwili wake huanza kulegea.

Kazi yangu ya juma la kwanza la kila muhula ilikuwa kupima urefu na uzito. Watoto walipanga foleni nje ya chumba changu, viatu mkononi, wakisukumana. Waliotoka likizo ndefu niliwatambua hata kabla hawajapanda mizani. Walipiga miayo wakiwa wamesimama. Ikifika saa nne asubuhi walimu walianza kuniletea wenye kuumwa kichwa, na nikiwauliza walilala saa ngapi, jibu lilikuwa saa sita, saa saba, wengine hawajui. Kwenye mizani wengi walikuwa wameongeza uzito kuliko urefu ulivyoongezeka. Na wapo wachache, ambao sura zao bado ninazo, waliorudi wamepungua. Niliyaandika yote kwenye daftari, nikawapa ushauri wa chakula, nikaita anayefuata. Sikuwahi kuunganisha miayo na mizani.

Niliunganisha nilipokuwa bibi wa kushinda na wajukuu. Ninao watatu: wa kwanza ana miaka 14, wa kati 9, kitinda mimba 4. Wazazi wao wako kazini kutwa, kwa hiyo shule zikifungwa watoto huletwa kwangu. Likizo ya mwaka juzi niliwaachia walale watakavyo na waamke watakavyo. Nilijiambia wamechoka, mwaka mzima wanaamshwa gizani, waacheni wapumzike. Niliona ni huruma.

Asubuhi moja, saa tano imegonga, niliingia chumbani kumwamsha wa kati. Pazia limefungwa, hewa ya chumba nzito. Nilipouvuta mto ili nimwinue kichwa, mkono wangu ukagusa simu ya dada yake. Ilikuwa ya moto kama pasi iliyozimwa sasa hivi, video bado inacheza, sauti imeshushwa. Mtoto akafungua jicho moja, jekundu, akaniuliza, “Bibi, kumekucha?” Nilikaa kitandani pale nikamtazama. Alikuwa amelala saa kumi usiku. Kifungua kinywa alikila saa sita mchana, cha mchana akakikataa, jioni akawa anazunguka jikoni kila nusu saa akitafuta kitu kitamu, na usiku wakati wenzake wanalala yeye ndiyo kwanza amechangamka. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa mkaidi. Siku yake ilikuwa imegeuka juu chini, na mimi nilikuwepo inapogeuka.

Mwisho wa likizo ile nilimpima kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Kwa wiki nane alikuwa ameongezeka sentimita 1, kiasi kinachofaa kabisa. Uzito ulikuwa umeongezeka kilo 3, na mtoto wa umri wake kwa kawaida huongeza kilo 2 hadi 3 kwa mwaka mzima. Mimi, muuguzi, ndani ya nyumba yangu. Iliniuma sana, na nikaanza kusoma.

Nilichokisoma kilinishangaza, nami nadhani kitawashangaza wazazi wengi. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani, Paul von Hippel na Joseph Workman, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wapatao 18,000 tangu chekechea hadi darasa la pili, kati ya 2010 na 2013. Walioanza na unene uliopitiliza walikuwa asilimia 8.9, mwishoni wakawa asilimia 11.5. Ongezeko lote hilo lilitokea kwenye likizo mbili za kiangazi. Katika miaka yote mitatu ya shule halikuongezeka hata kidogo. Shule tunazozilaumu kila siku kwa chakula chao na kwa kuwakalisha watoto kwenye madawati ndizo zilizokuwa zikiwalinda.

Zinawalindaje? Mwaka uliofuata watafiti wengine walitoa maelezo ambayo mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi shuleni angeyakubali palepale: siku ya shule ina mpangilio. Kengele humwamsha mtoto. Humwambia saa ya kula na, jambo ambalo hatulifikirii, humwambia saa ambazo hakuna kula. Humtoa nje mara mbili tatu kwa siku, atake asitake. Humnyang'anya skrini kwa saa sita au saba. Na kwa kuwa kesho kuna kengele, mzazi humlaza mapema. Shule ikifungwa, kengele hiyo inanyamaza, na nyumba nyingi hazina nyingine.

Naomba nikae kidogo kwenye usingizi, maana hapa ndipo wazazi hupachukulia kwa wepesi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mtu ataniambia: lakini wa kwangu analala saa saba usiku na kuamka saa tano asubuhi, si saa kumi hizo? Ni saa kumi, kweli. Ila mwili una saa yake ya ndani inayorekebishwa na mwanga. Mwanga wa asubuhi huisogeza mbele, na mwanga wa usiku, pamoja na ule wa simu iliyo sentimita 20 kutoka usoni, huichelewesha. Anayelala mpaka asubuhi ikaisha anaukosa mwanga ule unaomrekebisha, kwa hiyo kila siku inamvuta mbali zaidi. Homoni ya ukuaji nayo hutoka kwa mafungu, na fungu kubwa kuliko yote hutoka kwenye usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Usingizi ukikatwa, hamu ya kula huongezeka, hasa ya vitu vitamu. Ndiyo maana mjukuu wangu alikuwa akizunguka jikoni jioni. Nilimwita mlafi. Nisingemwita hivyo leo.

Na kiangazi ndicho wakati mwili wa mtoto unapojitahidi. Jambo hili limejulikana tangu zamani. Kuanzia 1759 hadi 1777 Mfaransa mmoja, Guéneau de Montbeillard, alimpima mwanawe karibu kila miezi sita tangu kuzaliwa, na rafiki yake Buffon, mtaalamu wa elimu ya viumbe, alipozichapisha namba hizo alibaini kwamba kijana alikuwa akirefuka zaidi kiangazi kuliko majira ya baridi. Vipimo vya baada yake vimeonyesha hivyo hivyo katika nchi nyingi zenye majira ya baridi. Naipenda hadithi hii kwa sababu ni baba tu na mtoto wake, na rula, na subira ya miaka 18.

Basi mwaka jana nilibadili kitu kimoja tu kwa makusudi, mengine yakafuata. Niliweka saa. Wa kati kitandani saa tatu usiku, macho saa moja asubuhi, siku zote saba. Simu zote za nyumba, yangu ikiwamo, zinaingia kwenye kikapu juu ya kabati la sebuleni saa mbili usiku. Siku nne za kwanza zilikuwa ngumu. Alilia, akasema wenzake wote wanaruhusiwa, akalala akiwa amenuna. Siku ya tano nilimkuta amelala kabla sijazima taa. Wiki ya pili alikuwa anaamka mwenyewe na kuja kukaa nami barazani, nywele zimesimama, tunatazama ndege. Likizo nzima hakuwahi kuniuliza tena kama kumekucha.

Yule wa miaka 14 nilimtendea tofauti, na nawasihi wazazi wa vijana wanisikilize hapa. Mtoto akibalehe, saa yake ya ndani huchelewa yenyewe. Usingizi humjia kwa kuchelewa, na huo si ukorofi. Kumlazimisha alale saa tatu ni kumfanya ajilaze akitazama dari. Tulikubaliana saa nne na nusu, na kuamka saa mbili asubuhi, si zaidi. Kushikilia saa ya kuamka kunasaidia kuliko kugombana juu ya saa ya kulala. Wa miaka 4 naye anahitaji saa 10 hadi 13 pamoja na usingizi wa mchana, na kwa umri wake Shirika la Afya Duniani linashauri skrini isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ndiyo bora. Chini ya miaka 2, hapana kabisa. Najua mzazi mwenye kazi ya nyumbani na watoto watatu atashusha pumzi akisoma hivyo. Nami nilishusha. Saa hiyo 1 nimeichagua mwenyewe iwe ile ninayopika.

Kuhusu kula nitasema machache, kwa sababu magazeti yamejaa mashauri ya chakula na mengi yanawatia wazazi hatia bure. Mtoto anapoamka saa moja, milo mitatu inakaa mahali pake yenyewe. Shida ni katikati ya milo. “Bibi, nina njaa,” nusu saa baada ya kula. Nilijifunza kuuliza swali moja: unataka tunda? Akisema ndiyo, ni njaa ya tumbo, anapewa tunda. Akisema hapana, nataka kile kitamu, ni njaa ya mdomo, na mara nyingi chini yake kuna kuchoka kukaa. Vinywaji vitamu nimeacha kuviweka ndani. Kopo moja la soda la mililita 330 huwa na takriban gramu 35 za sukari, na Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri sukari ya kuongezwa kwa mtoto isizidi gramu 25 kwa siku nzima. Kopo moja limeshapita. Kiangazi mtoto ana kiu kutwa, na akizoeshwa kukata kiu kwa soda atakunywa mbili tatu bila mtu kuhesabu. Maji ya baridi kwenye jagi, mezani, mahali anapofikia mwenyewe: hilo tu lilimaliza ugomvi kwangu. Na kisu. Mwaka jana nilimfundisha wa kati kukata karoti, taratibu, vidole vimekunjwa kama kucha za paka. Alikata vipande vinene visivyolingana, akavihesabu, akavigawa kwenye sahani za watu wote, kisha akasimama akitutazama mpaka tumalize. Mtoto huyu alikuwa hagusi mboga.

Sasa nije kwenye kucheza, na hapa nina malalamiko.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili mpaka moyo udunde, na angalau siku tatu kwa wiki wafanye yanayoimarisha misuli na mifupa: kukimbia, kuruka, kupanda. Mifupa inajengwa utotoni na ujanani; ukubwani tunaitumia tu akiba. Macho nayo yanahitaji nje. Mjini Guangzhou, China, shule 12 zilifanyiwa utafiti ambamo nusu yao ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Matokeo yalichapishwa 2015: baada ya miaka mitatu, walioanza kutoona vizuri vitu vya mbali walikuwa asilimia 30.4 katika shule hizo, na asilimia 39.5 katika zile nyingine. Dakika 40 tu, na hawakupewa dawa wala miwani. Mwanga wa nje, hata siku ya mawingu, ni mkali mara nyingi kuliko wa sebuleni, na macho yanayokua yanauhitaji.

Nje, sawa. Lakini nje wapi? Karibu na ninapoishi kuna shule yenye uwanja mpana wenye nyasi na miti ya kivuli. Siku shule ilipofungwa, geti lilitiwa kufuli, na kufuli ile ikakaa wiki nane. Niliwapeleka wajukuu mara ya kwanza nikidhani mlinzi atatufungulia. Alikuwa mpole, akasema ameagizwa asimruhusu mtu, mtoto akivunjika mkono nani atajibu. Nje ya uzio tulikuta watoto saba wakicheza mpira kwenye ukanda mwembamba wa changarawe kati ya uzio na barabara ya magari. Mpira ukiruka uzio, mmoja mdogo hupenya chini ya waya kuufuata, ukienda upande wa pili, wote wanapiga kelele “gari!” na kusubiri. Nilisimama pale nikihesabu: kwa nusu saa mpira uliingia barabarani mara sita. Huo mkono unaoogopwa kuvunjika ndani, kwenye nyasi, ulikuwa unaachwa uvunjike nje.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa shule na wanaowasimamia ni hili: fungueni viwanja wakati wa likizo. Hatuombi madarasa wala walimu. Muda wa saa tatu kila asubuhi kabla jua halijawa kali, na muda wa saa mbili kila jioni linapopoa, na zamu ya watu wazima wawili. Wastaafu tupo wengi, tunaamka alfajiri hatuna pa kwenda. Mimi nitakuwa wa kwanza kujiandikisha, nitakuja na sanduku langu la huduma ya kwanza.

Wazazi nao wasidhani mchezo mpaka uwe na kocha na sare. Mwaka juzi kila nilipomsikia mtoto akisema “Bibi, nimeboeka,” niliona nimeshindwa kazi, nikampa simu. Mwaka jana nilijibu, “Haya,” nikaendelea na shughuli zangu. Inachukua kama robo saa. Wanalalamika, wanajilaza sakafuni, wanagombana kidogo, kisha mmoja anaokota kitu. Boksi la friji lililokuwa limetupwa nje lilikuwa meli kwa siku tisa, likawa zahanati, mimi nikawa mgonjwa wa kwanza. Mtoto akifika hapo anakimbia, anainama, anabeba, anabishana, anatunga maneno, na dakika 60 zinapita bila mtu kuziangalia saa.

Jambo moja la hatari sitaliruka, kwa kuwa kiangazi watoto hukimbilia maji. Mtoto anayezama hapigi kelele. Mdomo uko majini, hewa ya kuitia hana, na yote humalizika kwa muda mfupi mno. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwenye bwawa, mto au ufukwe, mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu, kutazama, simu iwe mfukoni. Kwa mtoto mdogo, awe mahali ambapo mkono wake unamfikia. Hata beseni la kufulia humwagwa maji likishamaliza kazi.

Nimesema kuna waliorudi likizo wamepungua. Hao hawakuharibiwa na soda wala simu. Kwao mlo wa shule ndio ulikuwa mlo wa uhakika wa siku, na shule ikifungwa nao unafungwa. Mpango wa Chakula Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, ulihesabu watoto milioni 418 wanaopata chakula shuleni duniani kote. Tuwaze kengele ya mwisho inapolia kwa watoto milioni 418. Nilikuwa na msichana mmoja wa darasa la tatu ambaye kila siku ya mwisho wa muhula alikuja chumbani kwangu akidai tumbo linamuuma. Sikumkuta na homa hata mara moja. Ilinichukua miaka miwili kujua kwamba alikuwa anaogopa likizo.

Na hili linaweza kubadilishwa, tena upesi. Tarehe 15 Juni 2020 mchezaji wa mpira wa Uingereza Marcus Rashford, akiwa na miaka 22, aliwaandikia wabunge wa nchi yake barua ya wazi. Aliwaeleza jinsi alivyokua akitegemea chakula cha bure cha shule, akawaomba watoto wa familia maskini wasikatiwe vocha za chakula likizo ya kiangazi ikianza. Serikali ilikuwa imeshakataa. Kesho yake, tarehe 16, ilibadili msimamo, na watoto wapatao milioni 1.3 wakapata vocha za likizo ile nzima. Nayo ilianza na barua, Mhariri, kama hizi zinazojaa mezani kwako.

Ndiyo maana namrudia mzazi mwenzangu aliyeomba masomo ya ziada, kwa heshima zote. Kama shule zitafunguliwa wakati wa likizo, zifunguliwe uwanja na jiko kwanza. Mtoto aliyelala vizuri, aliyekula, aliyecheza juani asubuhi, mwalimu atamkuta Septemba tayari kufundishika. Kumwongezea kipindi cha saa mbili asubuhi mtoto aliyelala saa kumi usiku ni kumpeleka darasani kusinzia. Kama anataka wa kwake asisahau kusoma, amsomee au asomewe naye dakika 20 kabla ya kulala. Inatosha, na inamlaza.

Wasomaji wengine wameniomba, nilipozungumzia haya kwenye mkutano wa wazazi, niwaeleze namna ya kupima nyumbani. Mpime mtoto asubuhi, siku zote asubuhi, kwa sababu jioni binadamu huwa mfupi kwa karibu sentimita moja baada ya kutwa nzima ya kusimama. Bila viatu, nywele zisizofungwa juu. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yatazame mbele, si juu. Weka kitabu kigumu utosini, upande wake mmoja ulale ukutani bapa, kisha piga mstari chini yake na uandike tarehe. Mara mbili tu, likizo inapoanza na inapokwisha. Uzito sishauri upimwe nyumbani kila wiki, na nasihi sana mtoto asisikie watu wazima wakijadili tumbo lake. Nimewaona wasichana wa miaka 10 wakikataa kupanda mizani mbele ya wenzao, machozi yanawatoka, kwa neno alilolisema shangazi sebuleni. Kama una wasiwasi na uzito wa mtoto, mpeleke kwa mhudumu wa afya, mwongee huko. Usimpunguzie chakula kwa kukisia; bado anakua.

Na kwa aliyekwisha kuchelewa, ambaye barua hii inamkuta watoto wake wanalala alfajiri na wiki mbili tu zimebaki shule kufunguliwa, asijaribu kurudisha yote kwa usiku mmoja. Anza na asubuhi. Kesho mwamshe robo saa mapema kuliko leo, fungua pazia, mtoe nje kwenye mwanga kabla hajashika simu. Kesho kutwa robo saa nyingine. Kwa siku 14 hiyo ni saa tatu na nusu.

Wajukuu wangu wanakuja Jumatatu. Kikapu cha simu nimekishusha na kukipangusa, na kwa mkuu wa shule yenye uwanja ule nimepeleka ombi langu kwa maandishi, pamoja na majina ya wastaafu sita waliokubali zamu. Bado nasubiri jibu.

Muuguzi mstaafu,
bibi wa wajukuu watatu